Mikono inapogoma: Uchovu wa misuli na pushapu kwa wasichana wanaotaka kuingia jeshini

UKIPITA katika bustani ya Arboretum asubuhi na mapema, au katika viwanja vya Kawangware, Kangemi na Riruta jua linapotua, utawakuta vijana wakikimbia na kufanya pushapu, lile zoezi la kulala kifudifudi na kujiinua kwa nguvu za mikono. Wengi hutafuta afya tu. Lakini kila Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) linapotangaza nafasi za makurutu, idadi yao huongezeka ghafla. Miongoni mwao huwamo wasichana ambao hawajajiinua kwa mikono tangu walipomaliza shule.

Msichana wa aina hii huanza kwa bidii nyingi. Siku ya kwanza hufanya pushapu tatu, mikono ikatetemeka, akaanguka kifua chini. Kesho yake hawezi hata kuchana nywele. Siku ya tatu hujilazimisha tena kwa kuwa muda ni mfupi, na baada ya wiki moja bega linauma, kifundo cha mkono kimevimba, naye ameshaamua kwamba "mwili wa mwanamke haukuumbiwa mambo haya".

Je, ni kweli? Makala haya yanakueleza kinachotokea ndani ya msuli unapochoka, kwa nini pushapu huwasumbua wanawake zaidi kuliko wanaume, na jinsi unavyoweza kujiandaa bila kujiumiza. Hata kama huna nia ya kuvaa magwanda ya jeshi na kazi yako ni ya kuketi ofisini kule Kenyatta Avenue, mengi ya haya yanakuhusu.

KINACHOTOKEA NDANI YA MSULI

Msuli umeundwa kwa nyuzi nyembamba sana ambazo hufanya kazi kwa kuvutana. Ili zivutane zinahitaji nishati, na nishati hiyo hutoka katika kemikali iitwayo ATP. Tatizo ni kwamba msuli huweka akiba ndogo mno ya ATP, inayotosha kazi kali ya sekunde chache tu. Baada ya hapo ni lazima itengenezwe upya papo hapo.

Mwili una njia tatu za kuitengeneza. Ya kwanza ni kutumia kreatini fosfati, ambayo ni ya haraka sana lakini huisha baada ya sekunde kumi hivi za kazi ngumu. Ya pili ni kuvunja sukari iliyohifadhiwa ndani ya msuli bila kungoja oksijeni. Njia hii hukuwezesha kuendelea kwa dakika moja au mbili. Ya tatu ni kuchoma sukari na mafuta kwa kutumia oksijeni inayoletwa na damu. Hii ni ya polepole lakini hudumu, na ndiyo anayoitegemea mkimbiaji wa marathoni.

Pushapu hutegemea zaidi njia mbili za kwanza. Ndiyo maana mtu anayeweza kutembea kutoka Dagoretti hadi katikati ya jiji bila taabu huweza kushindwa na pushapu kumi.

Kadiri unavyoendelea, taka za kazi hiyo hurundikana. Fosfati iliyoachwa huru huzuia nyuzi zisishikane vizuri. Madini ya kalsiamu, ambayo ndiyo huuamrisha msuli ukaze, huanza kutolewa kwa kiasi kidogo. Potasiamu hutoka nje ya seli na kufanya ujumbe wa neva usipite vizuri. Isitoshe, ubongo wenyewe hupunguza amri unazozituma kwa misuli. Hayo yote kwa pamoja ndiyo tunayoyaita uchovu wa misuli. Uchovu huo ni kinga inayouzuia msuli usijidhuru, na hauna uhusiano wowote na uvivu.

ASIDI YA LAKTIKI YASINGIZIWA

Kwa miaka mingi wanafunzi waliambiwa shuleni kwamba maumivu ya misuli siku inayofuata huletwa na "asidi ya laktiki". Siku hizi wataalamu wanaeleza vingine. Laktati inayotengenezwa wakati wa mazoezi huondoka katika damu kwa muda wa saa moja hivi baada ya kupumzika, na moyo pamoja na misuli mingine huitumia kama chakula.

Maumivu yanayokuja kesho yake na kuzidi keshokutwa husababishwa na majeraha madogo madogo ndani ya nyuzi za msuli, hasa wakati wa kushuka, msuli unapovutwa huku ukizuia mzigo. Kwa kawaida hupona kwa siku tatu hadi tano, na msuli hurudi ukiwa imara zaidi. Lakini ukiufanyisha kazi ileile kali kabla haujapona, unabomoa kabla hujajenga. Hapo ndipo wasichana wengi hukosea.

JE, WANAWAKE HUCHOKA HARAKA?

Wengi wataduwaa kwa jibu: la. Katika maabara, mwanamke na mwanamume wakiambiwa kila mmoja ashikilie mzigo ulio nusu ya nguvu zake mwenyewe, mara nyingi mwanamke ndiye hudumu zaidi. Moja ya sababu ni kwamba msuli mkubwa wa mwanamume, ukikaza, hubana mishipa ya damu kwa nguvu zaidi na kujinyima oksijeni. Pia misuli ya wanawake kwa kawaida huwa na sehemu kubwa zaidi ya zile nyuzi za polepole, zisizochoka upesi.

Kama ni hivyo, mbona pushapu huwashinda? Jawabu liko katika mzigo. Katika pushapu kamili, mikono hubeba takriban theluthi mbili ya uzito wa mwili. Msichana wa kilo 60 hujisukuma kilo 40 hivi kila mara. Pushapu haikuulizi kwanza nguvu zako ni ngapi ndipo ikupe nusu yake.

Chukua mfano wa watu wawili wenye kilo 60 kila mmoja. Wa kwanza ana uwezo wa kusukuma kilo 80 kwa mara moja. Kwake pushapu moja ni nusu ya nguvu zake, na huenda akafanya 25 au zaidi kabla ya kuchoka. Wa pili uwezo wake ni kilo 50. Kwake pushapu ileile ni asilimia 80 ya nguvu zake, na huenda akakwama kwenye ya nane. Huyu wa pili hajachoka kwa sababu ni dhaifu wa moyo. Kila pushapu inamgharimu zaidi.

Tofauti hiyo ya nguvu ina chimbuko la kimaumbile. Kuanzia kubalehe, homoni ya testosteroni huwajengea wavulana misuli mingi, hasa kifuani, mabegani na mikononi. Kwa wastani, mwanamke ana misuli pungufu kwa karibu asilimia 40 sehemu ya juu ya mwili akilinganishwa na mwanamume, ilhali miguuni upungufu ni karibu theluthi moja. Ndiyo maana msichana anaweza kuwaacha wavulana katika mbio za kilomita tano na bado ashindwe nao kwenye pushapu.

Hapa ndipo penye habari njema. Ikiwa tatizo ni nguvu, basi tiba yake ni kuongeza nguvu, na msuli wa mwanamke huitikia mazoezi sawasawa na wa mwanamume. Ukilinganisha na alipoanzia, mwanamke ambaye hajawahi kufanya mazoezi ya nguvu anaweza kuongeza kiwango kikubwa ndani ya miezi mitatu tu.

MAJESHI YAMEJIFUNZA NINI

Nchini Kenya, wanawake waliingia jeshini mwanzoni mwa miaka ya 1970 kupitia kikosi chao cha pekee. Kikosi hicho kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na wanawake wakaingizwa moja kwa moja katika Jeshi la Nchi Kavu, la Wanahewa na la Wanamaji. Fatuma Ahmed, aliyejiunga na jeshi mwaka 1983, alipandishwa cheo kuwa Brigedia mwaka 2015 na Meja Jenerali mwaka 2018, mwanamke wa kwanza nchini kufikia vyeo hivyo. Mwaka 2024 aliteuliwa kuwa Kamanda wa Jeshi la Wanahewa.

Matangazo ya KDF ya miaka ya karibuni yamekuwa yakidai makurutu wa kawaida wawe na umri wa miaka 18 hadi 26, urefu usiopungua futi 5 na inchi 3, na uzito usiopungua kilo 50 kwa wasichana na kilo 54.55 kwa wavulana. Msichana hatakiwi kuwa mjamzito wakati wa kuandikishwa wala wakati wa mafunzo. Anayefaulu hupelekwa Chuo cha Mafunzo ya Makurutu kule Eldoret, mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako mazoezi ya viungo ni ya kila siku.

Marekani nayo ina mengi ya kutufunza. Katika mtihani wa zamani wa Jeshi la Nchi Kavu la nchi hiyo, askari wa umri wa miaka 17 hadi 21 alipewa dakika mbili za pushapu: mwanamume alihitaji angalau 42 na mwanamke 19. Mnamo 2013, kikosi cha Marines cha nchi hiyohiyo kiligundua kuwa zaidi ya nusu ya makurutu wa kike hawakuweza kujivuta juu kwenye chuma mara tatu, na kikaahirisha sharti hilo.

Wengine walilichukulia jambo hilo kuwa ushahidi kwamba wanawake hawawezi. Lakini katika miaka ya 1990, watafiti wa jeshi la Marekani walioko Natick, jimbo la Massachusetts, waliwachukua wanawake raia wa kawaida na kuwafanyisha mazoezi ya nguvu na ya kubeba mizigo kwa wiki 24. Mwishoni, wengi wao waliweza kuinua mizigo mizito ambayo hapo mwanzo iliwashinda. Kilichokuwa kikikosekana ni mpango mzuri na muda wa kutosha.

RATIBA YA WIKI 12

Huhitaji kulipa pesa za jimu za Westlands au Kilimani. Unahitaji ukuta, meza imara au ngazi za ploti unayoishi. Siri ni kupunguza mzigo hadi uweze kufanya zoezi kwa usahihi, kisha kuuongeza kidogo kidogo.

Mikono ikiwa juu ya meza au benchi la kimo cha sentimita 60 hivi, unabeba karibu asilimia 40 ya uzito wako. Ukiishusha hadi kimo cha sentimita 30, kama ngazi ya pili, unabeba zaidi kidogo ya nusu. Ukipiga magoti sakafuni, ni karibu nusu. Pushapu kamili, kama tulivyosema, ni theluthi mbili.

Fuata hatua hizi:

1. Tafuta kimo ambacho unaweza kufanya pushapu sita hadi nane bila kiuno kulegea wala makalio kuinuka. Mwili uwe mnyoofu kutoka kisogoni hadi visiginoni, na viwiko visitanuke kama mbawa za kuku.

2. Fanya awamu tatu au nne. Baina ya awamu, pumzika dakika mbili hadi tatu. Muda huo si wa kupoteza, kwani ndipo msuli hurudisha sehemu kubwa ya kreatini fosfati iliyotumika. Ukipumzika sekunde 20 tu, unaanza awamu inayofuata na tangi tupu.

3. Acha ukiwa bado unaweza kufanya moja au mbili zaidi. Usingoje uanguke.

4. Rudia siku tatu kwa wiki, mathalan Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku za katikati kimbia au tembea, lakini mikono ipumzike.

5. Ukiweza kufanya 12 katika kila awamu, teremka kwenye kimo cha chini zaidi. Usiruke hatua.

6. Mwishoni mwa kila zoezi, piga pozi la pushapu kamili, kisha jishushe polepole ukihesabu hadi nne. Inuka kwa magoti na urudie mara tatu hadi tano. Msuli huweza kuzuia mzigo mkubwa kuliko unaoweza kuusukuma, kwa hivyo njia hii hujenga nguvu hata kwa asiyeweza pushapu moja. Lakini kwa kuwa ndiyo huleta maumivu ya kesho yake, anza na chache.

7. Mara moja tu kila wiki mbili, jipime uone umefikia wapi. Anayejipima kila siku ni kama mkulima anayefukua mbegu kila asubuhi kuona kama imeota.

Wiki ya mwisho kabla ya mtihani, punguza mazoezi hadi nusu. Huwezi kuongeza nguvu kwa siku saba, lakini unaweza kuchoka.

SIKU YA MTIHANI

Pasha mwili moto kwa dakika kumi: tembea haraka, zungusha mabega, kisha fanya pushapu chache nyepesi. Anza kwa mwendo uleule uliozoea. Wengi hukimbilia kufanya kumi za mwanzo kwa kasi ili wamridhishe msimamizi, wakamaliza ile akiba ya sekunde kumi na kukwama ghafla. Toa pumzi unapopanda na uvute unaposhuka. Kubana pumzi hupandisha shinikizo la damu na kuweza kukuletea kizunguzungu.

CHAKULA NA DAMU

Msuli haujengwi na mazoezi pekee. Hujengwa unapolala na unapokula. Msichana wa kilo 60 anayefanya mazoezi makali huhitaji gramu 70 hadi 90 hivi za protini kwa siku. Si lazima iwe nyama. Maharagwe, ndengu, mayai, maziwa na omena kutoka soko la Kawangware vitakufaa, vikifuatana na ugali, viazi au githeri ili msuli upate sukari ya kutumia. Jitahidi ulale saa saba hadi tisa.

Jambo moja husahaulika sana: madini ya chuma. Mwanamke hupoteza damu kila mwezi, na asipokula vizuri chuma hupungua mwilini. Hapo himoglobini, inayobeba oksijeni, hushuka. Utaona unahema kwa kupanda ngazi, moyo unadunda, kichwa kinauma na mazoezi hayakuongezei chochote. Wengi hudhani ni uvivu na kujilazimisha zaidi. Kabla ya kuanza ratiba ngumu, nenda katika kituo cha afya ukapimwe kiwango cha damu. Ni kipimo rahisi. Usinunue tembe za chuma kiholela, maana chuma kingi kupita kiasi nacho hudhuru.

Kula mboga za kijani kama terere na managu, maini, na maharagwe, ukiandamanisha na chungwa au limau. Chai usinywe pamoja na chakula, kwa sababu huzuia chuma kufyonzwa. Ngoja saa moja hivi.

Mazoezi wakati wa hedhi hayana madhara. Lakini hedhi ikikatika kwa miezi mitatu ukiwa hujashika mimba, ni ishara kwamba unakula kidogo mno kuliko kazi unayoufanyisha mwili. Hali hiyo hudhoofisha mifupa, na makurutu wa kike tayari wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata nyufa za mifupa ya miguu na nyonga kuliko wenzao wa kiume. Kwa aliyejifungua karibuni, usianze kabla ya kushauriana na muuguzi au daktari, kwani misuli ya tumbo na ya nyonga huhitaji muda kupona.

DALILI ZA HATARI

Kuna tofauti baina ya uchovu na ugonjwa. Acha mazoezi na umwone daktari ukiona mojawapo ya haya:

- Mkojo kugeuka kuwa na rangi ya strungi au ya soda nyeusi siku moja hadi tatu baada ya mazoezi makali, huku misuli ikivimba, ikiuma sana na kukosa nguvu. Hii ni dalili kwamba msuli umevunjika na taka zake zinaziba figo. Usingoje kesho, nenda hospitali mara moja, iwe Mbagathi, Kenyatta au yoyote iliyo karibu.

- Maumivu ya kifua, kuzimia au moyo kwenda mbio usiotulia hata ukipumzika.

- Maumivu makali mahali pamoja kwenye mfupa, yanayozidi kila unapoukanyagia au kuutumia.

- Bega au kifundo cha mkono kinachouma hata usiku ukiwa umelala.

Jihadhari pia na mazoea ya kumeza dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac kabla ya mazoezi ili "usisikie". Dawa hizi, mwili ukiwa umepungukiwa na maji, huweza kuumiza figo. Zaidi ya hayo, huzima kengele ambayo mwili unakupigia.

NENO LA MWISHO

Kwa msichana wa Kangemi au Riruta, kazi ya jeshi ni mshahara wa kila mwezi, matibabu na heshima kwa familia nzima. Haishangazi kwamba wengi wako tayari kujitesa ili waipate. Lakini msuli haujui tarehe iliyochapishwa gazetini. Ukitaka kujiandikisha mwaka ujao, anza leo kwa ukuta na meza, mara tatu kwa wiki. Ukingoja hadi tangazo litoke, huna la kufanya ila kujiumiza.

Na wewe mzazi, kaka au mkufunzi unayemsimamia, usimwambie mikono yake imegoma kwa kuwa ni mwanamke. Muulize amekula nini, amelala saa ngapi, amepumzika siku ngapi, na kama amepimwa damu. Aghalabu jibu utalipata hapo.